Booker, bibi yangu na kibuyu kisichooshwa

Mara ya kwanza kupita barabara ya 245 huku Kentucky, Marekani, ile inayotoka Clermont kwenda Bardstown, nilijua kabisa pale kuna moto uliwaka wiki iliyopita. Miti yote iliyo karibu na maghala ya wiski ilikuwa nyeusi, sio nyeusi ya kivuli, nyeusi ya masizi kama chini ya sufuria, magome, matawi, uzio, mpaka vibao vya barabarani. Nilikuwa kwenye gari na mzee mmoja wa huku huku Kentucky tunafanya nae kazi shifti moja, akacheka, akasema hapana bwana, huo ni ukungu, unaishi kwa mvuke wa wiski. Nikajua ananipiga kamba, kaona mshamba kutoka Morogoro. Nilivyorudi nyumbani nikaingia intaneti nikakuta ni kweli tupu, unaitwa Baudoinia, na majirani wa maghala wameshapelekana mahakamani kwa sababu nyumba zao zinageuka nyeusi kila mwaka wanapiga rangi upya.

Yani wiski ikiwa ndani ya pipa inapumua. Joto likija inajisukuma ndani ya mbao, baridi likija inarudi, na kila inavyopumua kidogo inapotea hewani, ndo hiyo wanayoiita fungu la malaika. Ukiacha pipa miaka saba unakuja kulifungua unakuta robo nzima au zaidi haipo. Mimi nilivyosikia hivyo kitu cha kwanza nilichowaza ni bibi yangu, kwamba angesikia mtu anapika pombe afu anaiacha miaka saba ipotee hewani, angesema huyo mtu hana watoto wa kulipia ada.

Bibi alikuwa mpika gongo. Naandika hivyo wazi maana ameshatangulia mbele ya haki na hakuna mgambo wa kumfuata huko.

Sasa tuje kwenye chupa niliyopewa, iliyonifanya niandike haya. Mimi naishi Louisville, mji ambao Kiswahili nakisikia kila siku maana Wakongo wamejaa, kazini naendesha foklifti usiku, na yule mzee wa kwenye gari ndo alikuwa ananifundisha kazi. Wakati wa kula tunakaa wote, yeye ananihadithia baba yake alivyokuwa anatengeneza mapipa, mimi namhadithia bibi na mtambo wake nyuma ya jiko. Alipostaafu mwaka jana akaniletea boksi la mbao lina kidirisha mbele, ndani kuna chupa nene shingo imefungwa kwa nta, akasema hii ukainywe kwa ajili ya bibi yako. Booker's. Kwenye lebo maandishi ni ya mkono, kama mtu kaandika barua kwa haraka, na umri wa wiski umeandikwa mpaka mwezi na siku. Mimi nilidhani ni urembo wa kiwandani tu. Kumbe ule mwandiko ni wa Booker mwenyewe.

Frederick Booker Noe alizaliwa mwaka 1929, mama yake alikuwa Margaret, binti wa Jim Beam. Ndio, Jim Beam wa kwenye chupa za wiski alikuwa mtu, sio jina tu lililobuniwa na watu wa matangazo. Booker alikuwa jitu, mwili kama mlango, anapenda kula, anatengeneza mapaja ya nguruwe ya chumvi mwenyewe nyumbani kwake Bardstown, na kwa miaka mingi yeye ndo alikuwa mpishi mkuu wa wiski ya Jim Beam. Wiski ile ya kawaida ilikuwa inatoka kwa mamilioni ya chupa, imetiwa maji mpaka ukali ufike asilimia 40, inaenda duniani kote. Lakini yeye ya kunywa kwake alikuwa anaitoa moja kwa moja kwenye pipa, na hakuchukua pipa lolote tu, alichukua yaliyolala katikati ya ghala, maana kwenye maghala yale marefu huku juu kunawaka kiangazi na wiski inazidi ukali, chini kuna ubaridi inalala tu, kule kati ndo penyewe. Miaka sita mpaka nane. Hajaitia maji. Mwaka 1987 akajaza kwenye chupa akawapa marafiki na wateja wakubwa wa kampuni kama zawadi ya sikukuu, watu wakanywa wakachanganyikiwa, mwaka uliofuata ikaingia sokoni.

Hapo watu wanasahau kitu kimoja. Miaka hiyo bourbon, hii wiski ya Kimarekani, ilikuwa imekufa. Vijana wa Marekani walikuwa wanakunywa vodka, bourbon ikaonekana ya wazee wanaokohoa kwenye kibaraza. Kwahiyo mtu kutoa chupa ya bei kali, ukali wa asilimia 60 na kitu, ilikuwa ni kama mtu aje leo na redio ya mkulima aiuze bei ya simu ya kisasa. Ila ilishika. Mwaka 1992 kampuni ikaweka pamoja nne, Booker's, Baker's, Knob Creek na Basil Hayden's, ikaziita Small Batch. Baker ni binamu wa kwenye ukoo huo huo wa Beam, nae alikuwa mpishi. Basil Hayden sio wa ukoo wao, ni mpishi wa zamani sana aliyekuja Kentucky kutoka Maryland. Knob Creek ni kijito tu, Abraham Lincoln aliishi karibu nacho alipokuwa mtoto.

Na hii bachi ndogo jamani tuelewane. Maana yake ni mapipa machache yaliyochaguliwa yakachanganywa pamoja, lakini machache ni mangapi? Sheria haisemi. Hamna namba. Mmoja anaweza kuchanganya mapipa kumi, mwingine akachanganya mamia kwa mamia, wote wakaandika Small Batch na hakuna wa kuwauliza. Kwenye bourbon yenyewe ndo sheria imekaza: itengenezwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51, itoke mtamboni isizidi asilimia 80 ya ukali, iingie pipani isizidi 62.5, pipa liwe jipya la mwaloni limechomwa ndani, isiwekwe rangi wala kitu cha kuongeza ladha, na kwenye chupa isiwe chini ya 40. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likapitisha kabisa azimio kwamba hiki ni kinywaji cha kwao. Kwahiyo kila rangi unayoiona kwenye glasi, ile ya chai ya rangi iliyokolea, imetoka kwenye mbao. Nimewahi kuona nusu pipa, limekatwa katikati, ndani ni mkaa mtupu umepasuka pasuka kama ngozi ya mamba, na ukisogeza pua unasikia sukari iliyoungua, sio moshi. Ukitumia pipa mara moja basi, kwa bourbon limekwisha kazi, linauzwa Scotland huko walazie wiski yao.

Mahindi. Hilo neno ndo lilinishika. Bibi nae alikuwa anapika ya mahindi.

Kwao Kilosa alikuwa anachukua pumba na unga wa mahindi, anaweka kimea alichootesha mwenyewe kwenye gunia lenye maji, sukari guru kama ipo, anavundika kwenye pipa kubwa siku kadhaa mpaka kangara ianze kutoa povu na sauti, ukiweka sikio unasikia kama mvua ndogo kwenye bati. Afu ndo inaenda kwenye moto, pipa limezibwa kwa udongo na matambara, bomba la shaba linapita kwenye maji ya baridi, kwenye ncha kuna chupa. Sisi wajukuu kazi yetu kubadilisha maji yakishapata moto. Kikombe cha kwanza kinachotoka alikuwa anamwaga chini, kila siku, bila kuongea, na sisi watoto tulikuwa tunajua kwa asilimia mia kwamba ile ni ya mizimu. Tulikuwa mpaka tunanyamaza kwa heshima. Nimekuja kuelewa nikiwa na miaka 34, kwenye ziara ya kiwanda huku Kentucky, dada anayetutembeza anaeleza kwamba mvuke unaotangulia una vitu vibaya visivyofaa kunywewa, kwahiyo vinatengwa. Nikasimama pale mdomo wazi. Bibi hakuwa anawanywesha mizimu, alikuwa anatulindia wateja. Na wengi wanaopika gongo leo hawamwagi kitu, kila tone ni hela. Na watu tunawazika.

Kiwandani wao wana mtambo wa mnara wa shaba, mrefu kama nyumba ya ghorofa, ukiwashwa unapika mchana na usiku. Lakini ukisogea kwenye matangi ya kuvundika, ni kangara. Povu lile lile, harufu ile ile ya uchachu na mkate, na zile bapu bapu za hewa. Wanatia mahindi mengi, rai kidogo ambayo ni nafaka ya jamii ya ngano, na kimea cha shayiri. Na wanarudisha maji machachu yaliyobaki kwenye upishi uliopita wayatie kwenye upishi mpya, ili wadudu wabaya wasipate nafasi, chachu ifanye kazi kwa raha.

Chachu ndo yenyewe sasa.

Mwaka 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima. Jim Beam wakati huo ana miaka 55, ni kizazi cha nne, maana ukoo wao ulianza na Jacob Beam, mtoto wa ukoo wa Kijerumani ulioandikwa Böhm, anayesemekana kuuza pipa lake la kwanza mwaka 1795. Miaka mia moja na ishirini na kitu ya kazi moja, afu serikali inasema kuanzia leo wewe ni mhalifu. Akajaribu machungwa Florida, akajaribu machimbo ya makaa ya mawe, akajaribu mawe ya chokaa, hakuna kilichomtoa. Marufuku ikaondolewa Desemba 1933. Mzee anaingia miaka 70, umri ambao kwetu unaletewa uji kitandani, akaanza upya Clermont, na familia inasema kiwanda kilisimama kwa siku 120. Chachu akaiamsha upya nyumbani Bardstown, na toka hapo akawa hana imani na mtu, kila wikiendi anaondoka kiwandani na mtungi wa chachu pembeni yake kwenye gari, akalale nao nyumbani, ili kiwanda kikiungua chachu ibaki. Hiyo hadithi wanaihadithia sana huko, na wanasema chachu wanayotumia mpaka leo inatokana na ile.

Mara ya kwanza kuisikia nilicheka peke yangu watu wakanigeukia. Maana bibi alikuwa na kibuyu chake hakioshwi. Marufuku. Ukikiosha unachapwa. Kila anapovundika anakitia kangara kidogo, anakitundika, na kangara mpya inaanza kwa kile kibuyu. Siku mgambo walipokuja, mimi niko darasa la nne, walichukua mapipa, walichukua bomba la shaba, walimwaga kila kitu mpaka kuku wakalewa, huo ni ukweli, jogoo alikuwa anatembea kiupande. Kibuyu waliking'oa kwenye msumari mmoja akanusa, akasema mtindi umeharibika, akakirudisha. Wiki mbili bibi kaazima pipa, anapika.

Kwenye sheria zetu gongo inaitwa moshi, na mpaka leo ukikamatwa na mtambo nyumbani unaenda ndani. Sijaja kudai waruhusu, nimeshasema watu wanakufa. Naongelea kitu kingine.

Huku kila chupa imeandikwa urithi wa familia, kizazi cha ngapi, picha za mababu wenye ndevu, na mwanzoni ilikuwa inanikera, nilijua ni matajiri wamerithishana kiwanda kama watu wanavyorithishana nyumba Kariakoo. Sio hivyo. Jim Beam alipoanza upya hakuwa na hela, mtaji ulitoka kwa wawekezaji wa Chicago. Mwaka 1967 kampuni ikanunuliwa na watu wa sigara, American Tobacco, na mwaka 2014 Suntory ya Japani wakaichukua kwa dola bilioni 16. Kwahiyo Booker, mjukuu wa mwenye jina, maisha yake yote alikuwa muajiriwa. Ana jina la babu kwenye geti, afu anasubiri mshahara kama mimi. Mtoto wake Fred nae akaanzia chini, kwenye mstari wa kujaza chupa shifti ya usiku, na mjukuu, Freddie, nae ni mpishi, kizazi cha nane. Kiwanda sio chao. Walichorithishana ni pua, na kujua kangara ikilia vipi ndo imefika.

Na ukichimba ukoo huo unakuta wako kila mahali, wanapikia watu wengine. Kule Bardstown kuna Heaven Hill, mali ya familia ya Shapira, lakini toka mwanzo mwaka 1935 wapishi walikuwa kina Beam. Parker Beam, babu yake ni ndugu wa Jim, alipika pale miaka na miaka. Tarehe 7 Novemba 1996 ghala moja likashika moto, upepo unavuma, yakaungua maghala saba na kiwanda, mapipa 90,000, wiski inatiririka inawaka kama mto wa moto kwenye mteremko. Na waliokuja kuwapikia wakati hawana kiwanda, mmoja wao ni Jim Beam, wapinzani wao sokoni. Kwenye biashara hilo ni la ajabu. Kwenye ukoo sio ajabu, msiba wa binamu unaenda na sufuria yako.

Ila na hawa mababu wenye ndevu wasituzuge. Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa, na mikono iliyobeba magunia, iliyochoma mapipa, na mara nyingi iliyopika yenyewe ilikuwa ya watu weusi ambao hawakuwekwa kwenye lebo. Jirani Tennessee kuna Nathan Green, walimwita Nearest, alikuwa mtumwa, na yeye ndo alimfundisha kijana Jack Daniel kupika wiski. Kampuni ya Jack Daniel's imekuja kulisema hilo wazi mwaka 2016, miaka kama 150 baadae. Nikiangalia picha za zamani za viwanda huwa natafuta pembeni, kule mwisho wa mstari, naangalia nani kashika koleo.

Basi chupa ya mzee nikaikalisha miezi mitatu naiogopa. Jumamosi moja mke wangu yuko kazini nikavunja nta. Nikamimina kidogo kwenye glasi, na kabla sijaonja nikafanya kitu alichokuwa anafanya bibi mteja akimletea maneno kwamba gongo ya leo ina maji: nikachovya kijiko, nikawasha kiberiti. Ikashika saa hiyo hiyo, moto wa bluu mwembamba usioonekana vizuri mpaka uzime taa. Nikawa nimesimama jikoni gizani na kijiko kinawaka, mtu mzima, mpaka king'ora cha moshi darini kikaanza kupiga kelele na mimi napepea na taulo.

Kuonja, ukinywa kavu kavu inakupiga kofi, sitadanganya, inawaka mpaka masikioni. Booker mwenyewe alikuwa anatia maji na alisema kila mtu atie anavyopenda, kwahiyo hao wanaokwambia maji ni dhambi achana nao. Nilipotia maji kidogo ikafunguka: karanga za kukaanga, vanila, sukari guru iliyoungua chini ya sufuria, na nyuma kabisa, ukishameza, kuna mahindi. Mahindi ya kuchoma ya barabarani, lile ganda lililoshika moto. Gongo ya bibi haikuwa na hayo mengine yote, ilikuwa nyeupe na kali na inanuka chachu, hakuna miaka saba hakuna mwaloni. Lakini hilo la mwisho ilikuwa nalo.

Kibuyu sijui kilienda wapi, na hapo nina uchungu wangu. Bibi alipofariki shangazi walikuja wakagawana kanga na vyombo, shamba likabishaniwa mpaka leo, kibuyu hakuna aliyekiuliza. Mama hakutaka kabisa kujifunza, alisema atasomesha watoto kwa cherehani, na kweli katusomesha. Mimi niliyebadilisha maji utoto wangu wote najua nusu tu ya kazi, ile nusu ya moto. Ile ya kusikiliza alikuwa anafanya mwenyewe, tukiwa tumelala.

Nikampigia mama video nikamwonyesha chupa, nikamweleza yote, mnara wa shaba, mapipa, Mjapani, chachu kwenye gari. Akasikiliza kimya anapepeta mchele, nikadhani hata hasikii. Afu akauliza, "Na machicha wanapeleka wapi?"

Nikamwambia wanawapa ng'ombe, wakulima wa jirani wanakuja na magari ya matangi kuchukua.

"Bibi yako alikuwa anawapa nguruwe," akasema. "Wananenepa haraka."